Ati "ni vibuyu tu": tamasha la familia hapa Jinja, Uganda

Nilijiambia sitaandika mpaka hasira zipoe. Sasa ni wiki ya pili, au ya tatu hivi, hazijapoa, kwa hiyo wacha niandike zikiwa bado za moto.

Kwanza niseme wachezaji hawana kosa. Hata mmoja. Mtu asije akasoma hapa akadhani nawasema wacheza ngoma, la hasha. Hii nyota moja niliyotoa ni ya jamaa mmoja wa mitambo ya sauti aliyekuwa amekaa chini ya turubai na miksa yake, hedifoni shingoni, roleksi mkononi (ile chapati ya mayai, sio saa), na kama kungekuwa na namna ya kutoa nyota chini ya sifuri ningempa zake akaenda nazo nyumbani.

Tulienda watu watano. Mimi, baba watoto, watoto wetu wawili, na mama mkwe ambaye tulimtoa kijijini upande wa Kamuli makusudi kabisa kwa ajili ya siku hiyo. Makusudi, nawaambia. Manake lile tangazo lililozunguka kwenye WhatsApp lilikuwa na orodha ndefu ya ngoma za makabila na za wageni, na katikati hapo wameandika wazee wa bigwala, zile tarumbeta za vibuyu, kutoka Busoga. Mama akisomewa hiyo orodha na mjukuu wake alisikiliza yote kimya, ilipofika bigwala akasema, "Rudia hapo." Basi ndo tukajua lazima aje.

Kiingilio elfu ishirini mkubwa, elfu kumi mtoto, maji yako unanyang'anywa getini halafu ndani unauziwa chupa elfu tatu. Hayo ya kawaida, kila mahali ndo hivyo, sina haja nayo.

Na asubuhi yote tulifurahi, siwezi kudanganya. Uwanja wenyewe uko kando ya Nile, kuna kivuli, unaona maji, watoto wanakimbia hovyo na hakuna anayekukaripia. Warundi waliingia na ngoma zao vichwani huku wanazipiga, yani mtu amebeba lile gogo kichwani na mikono iko juu inapiga na miguu inatembea, halafu wakazitua chini nusu duara wakaanza kuruka. Hao maiki hawakuhitaji, nadhani hata walioko ng'ambo ya mto walisikia. Wakaja Waacholi na larakaraka, wale vijana wenye nusu vibuyu wanavichapa kwa spoki za baiskeli, ile kriii kriii kriii ya pamoja mpaka unasikia kwenye meno. Vibuyu, eeh. Likumbukeni hilo neno, nalirudia baadaye.

Wakaja Wagisu na kadodi. Hapo baba watoto akakosea akamweleza kijana wetu, ana miaka 7, kwamba hizo ngoma zikipigwa kule Mbale kwenye mwaka wa imbalu maana yake kuna vijana wanapelekwa kutahiriwa. Mtoto akashika kaptula yake na mikono miwili na hakuiachia mpaka wale jamaa wametoka steji. Mama mkwe alicheka mpaka leso ikaanguka.

Kilichonishangaza zaidi ni wasichana wa Kihindi wa hapa hapa mjini, na dandiya yao, ile ngoma ya vijiti. Mimi nimekulia Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, baba yangu mtu wa Arua, tulikuwa nyumba za mstari mmoja na watu wa kila kabila na Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya uani, kwa hiyo Wahindi wa Jinja nawajua tangu utoto, lakini nawajua dukani. Sijawahi kuwaona wakicheza. Walishuka chini kwenye nyasi, wakafanya duara, wakaanza kuzunguka na vile vijiti wanagongana tak tak, na kidogo kidogo wakaanza kuvuta watoto waingie, wangu wa kike akaingia, akagongwa kidole, akalia kidogo, akarudi tena kwenye duara. Hapo ningeulizwa ningesema nyota tano bila kufikiri. Duara lao halikuguswa na mtu. Hakuna aliyewaambia simameni mstari. Hilo nalo likumbukeni.

Sasa. Saa tisa hivi, jua kali, emsii akapanda akatoa simu akaanza kusoma. Akasoma vizuri tu, na majivuno: kwamba bigwala ni muziki wa kifalme wa Busoga, tarumbeta za vibuyu, zilipigwa Kyabazinga, yani mfalme wa Busoga, akitawazwa na akizikwa, na kwamba mwaka 2012 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka kwa sababu wazee waliobaki wakiijua vizuri walikuwa wanne tu. Wanne! Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akasimama. Yeye alikuwa msichana enzi hizo kabla ya katiba ya 1967 kufuta falme, na baada ya hapo, anasema, vile vibuyu vikatundikwa vikaliwa na panya, nani atampigia mfalme ambaye hayupo.

Wazee wakaingia. Na vijana pia, mchanganyiko, jambo zuri. Wakaanza kujipanga duara kuzunguka ngoma, ndivyo bigwala inavyochezwa, wapiga tarumbeta na wachezaji wote wanazunguka ngoma taratibu, kiuno kinayumba kidogo, mikono inapanda. Basi akatoka kijana mmoja wa steji mwenye redio ya mkononi, akawashika mabega mmoja mmoja, akawapanga MSTARI. Wakiangalia watu. Kama wanafunzi paredi ya asubuhi. Halafu akaleta maiki moja kwenye stendi akaiweka mbele ya mzee wa kwanza na akaondoka zake.

Kwa asiyeijua bigwala acha nieleze maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilipandisha hasira. Kila kibuyu kina sauti moja tu. Moja. Viko vitano au zaidi, kikubwa mpaka kidogo, na wimbo unatoka kwa kupokezana, huyu anapuliza yake, yule yake, zinapishana haraka mpaka masikio yako yanasikia wimbo mmoja. Ni kama watu wanne wamegawana jina Walukuba, wa kwanza anasema wa, wa pili lu, wa tatu ku, wa nne ba. Sasa wewe mpe maiki yule wa lu peke yake na spika zenye ukubwa wa kabati uone uwanja mzima utasikia nini.

Lu. Lu. Lu. Lu.

Ndicho kilichotokea! Kwenye spika ikawa puu... puu... puu... ngoma mbali huko nyuma, na wenzake wanapuliza mashavu yamevimba na hawasikiki kabisa. Na kwa sababu wamepangwa mstari na ile puu moja inawarudia kutoka kwenye spika kubwa kuliko ya jirani yake, hawasikii zamu zao, wakaanza kupotezana. Mzee wa mwisho akawa anamchungulia wa kwanza kama mtu anayetafuta taksi. Watu wakaanza kucheka. Sio wote, lakini wa kutosha. Kuna kijana nyuma yangu akaiga, puu, wenzake wakaanguka kwa kicheko. Na emsii, yule yule aliyesoma mambo ya UNESCO, akacheka kwenye maiki yake.

Mama mkwe akakaa chini. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Mimi nikaenda. Baba watoto ananivuta gauni nikaenda. Nikafika kwenye turubai nikasema kwa adabu, naapa kwa adabu, "Samahani kaka, ile maiki ingewekwa katikati, wao wawe duara, wote watasikika. Au ikizimwa tu kabisa, hizo tarumbeta zina sauti zenyewe." Akanitazama. Akatafuna. Akameza. Akasema, "Madam, chaneli zimejaa." Nikamwambia sawa, basi uizime, hiyo haitaki chaneli. Akasema, na haya ndo maneno yaliyonileta hapa, "Madam, hivyo ni vibuyu tu, siyo saksofoni."

Vibuyu tu.

Kwani Waacholi walichapa nini, masufuria? Ensaasi, yale manyanga ya Waganda, zimetengenezwa na nini, makopo ya blubandi? Nchi hii ukitoa vibuyu kwenye muziki wake unabaki na nini, flashi? Na hapo ndo kiini chenyewe, nilikuja kugundua nikiwa nimesimama pale: waliokuja na muziki wao kwenye flashi wote walipata sauti safi kama redio. Dandiya ilikuwa kwenye flashi. Kikundi cha watoto wa shule kilichocheza nyimbo za Kikongo, flashi. Wanaopiga kwa mikono na midomo yao wenyewe ndo walipewa chuma kimoja kwenye stendi na "chaneli zimejaa". Sasa mtu anaweka tamasha la ngoma za asili halafu mtu wa mitambo anajua flashi peke yake, si bora tungekaa nyumbani tukaangalia kwenye simu?

Halafu nikajiambia labda namwonea. Kweli. Kuna jua tangu saa mbili asubuhi, hiyo roleksi inawezekana ndo chakula chake cha kwanza siku hiyo, vikundi vinapishana kila dakika kumi na tano, na hakuna aliyemwelekeza bigwala ni mnyama gani. Kosa ni la waandaaji. Wangewaita wale wazee asubuhi wakajaribu sauti kabla, dakika tano tu, wenyewe wangemwambia. Nilikuwa karibu kumsamehe. Nikawa narudi zangu, mara nikasikia nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Wamama wa siku hizi wote ni mafundi," wakacheka. Basi. Nyota moja ibaki pale pale, na hiyo moja ni ya Wahindi.

Sio kweli. Ya Wahindi ni tano. Warundi tano. Sijui hata nahesabu nini.

Wazee hawakumaliza wimbo wa pili. Yule wa redio ya mkononi akaonyesha saa yake, muziki wa flashi ukaanza wakiwa bado steji, wakashuka mmoja mmoja wamekumbatia vibuyu vyao. Nilitaka kwenda kuwapa pole lakini Mama akanizuia, akasema, "Waache wanywe maji kwanza." Nikaenda kwa waandaaji kuuliza kama naweza kurudishiwa hata nusu ya kiingilio, dada mmoja mpole sana akaniambia tiketi hairudishwi pesa ila nitoe maoni yangu. Haya, dada, haya ndo maoni yangu, na wewe sina ugomvi nawe.

Tukapanda taksi, hizi za abiria wengi, kurudi nyumbani Bugembe. Kimya. Baba watoto anaangalia dirishani anaogopa kuniongelesha. Kijana wangu kwa ujinga wa mtoto akafanya puu, vile vile kama wale wahuni, nikageuka nimpe kofi la mgongo, lakini Mama akamshika mkono akamwambia kwa Kisoga afanye tena. Akafanya. Mama akaingiza yake, ya chini kidogo. Akamwambia dada yake naye ashike nyingine, ya juu, aingie pale kaka anapovuta pumzi. Wakakosea. Wakarudia. Wakakosea. Baba watoto naye akapewa ya kwake, nzito, mtu wa miaka arobaini na kitu anapuliza mdomo kwenye taksi mbele za watu. Na mimi nikapewa. Mimi sina kabila la bigwala, lakini nikapewa, na ilipofika karibu na kule sokoni ikatokea, kwa sekunde labda kumi, sio zaidi, ikaacha kuwa puu puu za watu watano ikawa wimbo. Mama akainua mikono yote miwili mpaka ikagonga paa la gari.

Konda akageuka akasema, "Wamama, punguzeni kelele, naongea na simu."

Mnajua nilichomjibu, sitaandika hapa.

Mwaka kesho Mama anataka kwenda tena. Ameshasema. Nikamwuliza kwa lipi hasa, kwa yale matusi? Akasema hajaona vizuri wale wasichana wa vijiti. Kwa hiyo labda tutaenda, labda hatutaenda, na kama tutaenda nitakaa jirani kabisa na ile turubai. Mpaka leo nikiosha vyombo ule muziki unanijia, na kinachoniuma ni kwamba haunijii ule wa kwenye taksi. Inanijia ile puu moja tu, ya kwenye spika.