Uzoefu wangu: nilinunua Land Rover 109 "ya jeshi", chesisi ikaniambia ukweli

Tamaa ilinishika Oktoba 2024, Arusha ilipofurika Land Rover kwenye tamasha lake. Nilisimama kando ya barabara na mwanangu mabegani, tukitazama za kila umri zikipita. Kila ilipopita ya zamani yenye springi za majani na gurudumu la akiba juu ya boneti, koo lilinikauka. Miezi minne baadaye nilikuwa na yangu: Series III (toleo la tatu la zile Land Rover za zamani), 109, ya petroli, imepakwa kijani kisichong'aa, na dalali ananiapia kwamba ilitoka jeshini.

Nilikagua kama mtu anayenunua gari dogo la mjini. Niliwasha injini, nikaangalia moshi, nikazunguka nayo mtaa mmoja, nikalipa milioni 7. Kosa langu lilikuwa hapo, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Series III ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini ya petroli ya silinda 4 ina cc 2,286 na ni mtambo mvumilivu kweli. Hata ikichoka, fundi yeyote anayejua kuovahoo injini ataifufua. Bodi sehemu kubwa ni aloi ya aluminiamu, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Kwa hiyo juu unaona bodi nzima, imenyooka, inapokea rangi vizuri, kumbe chini kutu imekula miaka kumi bila kelele.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, ambaye amezishika gari hizi tangu sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitika, akalizunguka gari mara moja bila kufungua boneti. Kisha akalala chini na nyundo ndogo na bisibisi. Alikuwa anagonga, anasogea, anagonga. Chuma kizima kinalia. Palipooza panatoa sauti ya kopo lililojaa udongo. Alipofika kwenye boriti ya nyuma kabisa, ile inayoshika ndoano ya trela, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Mtu alikuwa amepaka lami nene juu ya kutu.

"Mwanangu," akaniambia akiwa bado chini, "umenunua rangi."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu pale gereji nikashindwa kumjibu.

Kama unakwenda kununua, beba nyundo, bisibisi na sumaku. Sumaku haitakiwi kushika kwenye madigadi wala bati la nje la milango (fremu ya ndani ya mlango ni chuma). Ikishika, jua pamebandikwa bati la chuma, na chuma kikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu inageuka unga mweupe. Inua mazulia uangalie pale dereva anapoweka miguu. Tazama nguzo zinazobeba bawaba za milango. Kisha tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia, uilinganishe na kadi ya gari. Injini iache iwe ya mwisho kabisa. Injini mbovu inatengenezeka kwa wiki mbili. Chesisi mbovu ilinichukua miezi mitano.

Tuliteremsha bodi yote. Tangi la petroli lililoko chini ya kiti lilitoka kwanza kabla ya moto wowote wa kuchomelea, na mzee hakutaka hata mjadala kuhusu hilo. Hakukubali viraka juu ya kutu. Alikata hadi akafika kwenye chuma kinacholia, akaunda upya boriti ya nyuma na ile mikono minne inayotoka kwenye chesisi kubeba bodi, kwa bati la milimita 2. Kila siku alikuwa anapima pembe kwa pembe kwa kamba, chesisi isije ikajipinda kwa joto. Nimewahi kulipa mafundi wengi maishani. Huyu ndiye ambaye ningemlipa mara mbili.

Spea za kawaida, yaani gasketi, sili, vifaa vya klachi na breki, zilipatikana. Mji huu ulibeba watalii kwa Land Rover miaka mingi na maduka bado yanazikumbuka. Vipande vya zamani nilivifuata Gerezani, Dar es Salaam. Angalizo moja: silinda za breki za bei rahisi nilizofunga zilivuja ndani ya wiki mbili, zikatoka zote. Na tafuta seti ya spana za inchi. Spana za milimita zilivunja vichwa vya boliti tatu kabla mzee hajatunyang'anya.

Sasa hilo la jeshi. Land Rover ya jeshi huwa na alama zake: vishikio vya koleo na sururu kwenye bodi, ndoano nzito ya trela ya aina ya NATO, na taa ndogo chini nyuma inayomulika difu (lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma) iliyopakwa rangi nyeupe, ili kwenye msafara wa usiku dereva anayefuata asihitaji kuwasha taa kubwa. Zilizobeba redio zilikuwa na umeme wa volti 24. Langu lilikuwa na ndoano tu, na boliti zake zilikuwa mpya. Tulipokwangua rangi ilitoka kijani, chini yake bluu, chini yake krimu, halafu bati tupu. Kadi nayo inasema krimu. Halijawahi kuvaa kijani hadi dalali alipolivalisha.

Niliumia siku mbili. Fundi rangi alinishauri tupige mabaka ya jeshi, nikakataa. Nchi hii raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na sikutaka kila kituo nisimamishwe nijieleze kwa ajili ya gari la familia. Tulirudisha krimu, paa jeupe, kama lilivyozaliwa. Mwanangu alipoliona alisema hili sasa ni la babu, na mimi nikalipenda upya.

Matengenezo yamekula milioni 11 juu ya zile 7. Kwa fedha hizo ningepata gari tulivu lenye kiyoyozi. Hili linakula lita moja kila kilomita 6, kwenye lami linapendeza likiwa spidi 70, na ndani mnazungumza kwa kupaza sauti. Usukani una ulegevu unaopaswa kuuzoea. Breki zote ni za dramu: zirekebishwe mara kwa mara, na ukivuka maji zikanyage taratibu hadi zikauke. Kwa kazi ya kila siku ya mjini simshauri mtu.

Lakini tulilipeleka Engaruka kupitia Mto wa Mbu, mzee akiwa kiti cha abiria. Gia zote nne zinaingia kwa ulaini. Series zilizotangulia ulaini huo ulikuwa gia ya tatu na ya nne tu. Kwenye korongo la mchanga nilisimama, nikavuta nyuma kile kirungu chekundu, magurudumu yote manne yakashika kwa gia nzito, na gari likatambaa polepole bila mimi kugusa mafuta, mchanga ukimeguka pembeni. Ng'ambo tulikuta gari jipya la kukodi limezama hadi kwenye ekseli. Tulilivuta kwa ile ndoano ya dalali, ikiwa sasa imefungwa kwenye chuma kizima.

Engaruka mzee aliteremka kabla sijazima injini, akalala chini kwenye vumbi, akakaa kimya muda mrefu.

"Sili ya difu ya nyuma inatoa jasho," akasema. "Jumatatu ulilete."