Dola za kioo kwenye duka la sarafu tao: nilienda na rula na gazeti

Nimetafuta dola ya Morgan, ile sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani, yenye kioo (uso unaoakisi kama kioo) karibu miaka 2 sasa, kwa hivyo niliposikia kuna duka la sarafu za zamani hapa tao liko na mbili, Jumamosi nikapanda matatu mapema nikiwa na rula, lensi na Taifa Leo ya siku hiyo. Mzee wa duka alinipokea vizuri sana, "keti kijana wangu, angalia polepole", akaniachia nizishike mwenyewe bora tu nishike ukingoni. Hiyo peke yake kwangu ni alama kubwa, kwingine unaonyeshwa tu ukiwa nje ya kabati na ukiuliza maswali mengi watu wanaanza kukuangalia vibaya.

Shida ni taa. Kabati limejaa vibalbu vyeupe na chini yake kila kitu cha fedha kinameremeta, huwezi kujua ukweli. Nikaomba tusogee mlangoni kwenye mwanga wa jua.

Ya kwanza ni ya 1881, iko na S ndogo mgongoni chini ya tai, yaani ya San Francisco. Nikaisimamisha mwisho wa rula, nikawa narudisha gazeti nyuma kidogo kidogo huku nasoma herufi ndani ya dola. Upande wa kichwa nilisoma hadi inchi 5, upande wa tai herufi zikaanza kuvurugika kwa inchi 3. Na kampuni zinazopima sarafu kule Marekani hufuata upande dhaifu: inchi 2 hadi 4 ni PL (prooflike, kioo cha kawaida), ukitaka DMPL (deep mirror prooflike, kioo cha ndani zaidi) pande zote 2 lazima zifike 6. Kibandiko cha mzee kilisema DMPL. Nikampa rula, akapima mwenyewe mara mbili, akakibandua akaandika PL na bei ikashuka hadi shilingi 16,000.

Ya pili iliniuma. Ni ya 1889 na inang'aa kuliko ile ya kwanza, lakini weka lensi uone, michirizi myembamba imechimba ndani ya fedha, inapanda shavu la Liberty, yule mama aliye upande wa kichwa, inashukia upande wa pili bila kusimama. Kioo cha kweli kinatokana na muhuri wa chuma kung'arishwa kiwandani kabla ya kupiga dola, kwa hivyo michirizi yake huwa imeinuka kama uzi na inakomea pale picha inapoanzia, usoni haipandi. Hii ilipigwa polishi na mtu, hadi kingo za herufi zimelainika, na dola ikishasuguliwa hivyo hairudi. Nilimweleza mzee, akanyamaza, lakini nikitoka bado ilikuwa kabatini na kibandiko kile kile. Hapo ndipo nimemkata nyota moja.

Nampa 4 kwa 5. Ya 1881 niko nayo nyumbani. Ukienda, fika kabla ya saa sita, mchana jua huwa limeshahama mlangoni.