Chaki sakafuni au kijiti mchangani?

Hapa Ngamiani, Tanga, mtoto ana mahali pawili pa kuchora: sakafu ya saruji mbele ya baraza, na mchanga wa uani. Wangu wamekua na vyote viwili.

Mchanga haugharimu kitu. Ukikosea unafuta kwa kiganja. Anayechora kwa kijiti hutumia mkono mzima kuanzia begani, na mtoto wa miaka miwili anahitaji hilo hasa. Chaki angeitia mdomoni. Ila mchoro haudumu: kuku akipita, nyumba imebomoka.

Akifika miaka minne, mimi nachagua chaki bila kusita. Saruji inakwaruza, kwa hiyo lazima akandamize. Mpe kipande kifupi, kama urefu wa pingili ya kidole. Hawezi kukifumbata, atakishika kwa ncha za vidole vitatu, kama anavyoshika penseli. Binti yangu alichora samaki mwenye meno, kisha akamzungushia bahari nzima mpaka kwenye ngazi. Na vyumba vya kuruka kwa mguu mmoja, vikichorwa kwa chaki, havifutiki kwa mruko wa kwanza. Watoto huruka, hugeuka, huinama kuokota kigae bila kuweka mguu wa pili chini, jioni nzima. Huko ndiko mwili unakojifunza kujimudu.

Saruji ya mchana inaunguza nyayo, basi wachezeshe asubuhi au baada ya alasiri. Vumbi likiwajaa mikononi, wanawe kabla ya kula.