Propela ya bomba la mraba kwenye Suzuki Samurai yangu: uzoefu wa miezi 14

Propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, ilichomoka kwenye korongo, kabla sijafika Engaruka. Nilikuwa nimeweka springi ndefu na nikafurahia sana jinsi tairi linavyofuata shimo hadi chini, ila sikupima propela nayo itarefuka kiasi gani. Gurudumu la kushoto likaning'inia, chuma kikalia, na ile slipu ya meno, kiungo kinachoteleza ili propela irefuke na kufupika, ikatoka kwenye ala yake. Nilirudi Mto wa Mbu kwa nguvu ya magurudumu ya nyuma peke yake.

Fundi wangu wa Arusha, mzee aliyezoea matrekta, hakuhangaika na slipu ya meno. "Mdogo wangu, tukuwekee mraba," akasema. Propela za mashine za shambani nyingi zina bomba mbili zisizo duara zinazoteleza moja ndani ya nyingine, kwa hiyo kwake hilo halikuwa jambo geni. Bomba la nje ni inchi 2 kwa 2 lenye unene wa robo inchi, ndani inabaki nafasi ya inchi moja na nusu. La ndani lina inchi moja na nusu kwa nje. Kila moja linachomelewa yoki yake, yaani uma wa chuma wa mwishoni, basi.

Kwa hesabu zinaingiana. Kwa mkono haziingii hata kidogo. Bomba hizi hukunjwa kutoka kwenye bati nene na kuchomelewa, na ule mshono huacha tuta la chuma ndani, urefu wote wa bomba. Mzee alichomelea tupa kwenye nondo ndefu, akasugua mchana kutwa, akivuta na kusukuma kama anayesafisha mtutu wa bunduki. Bomba la ndani alilipitishia grainda kidogo tu kwenye kona. Kisha akapaka grisi, akalisimamisha la nje, akaliachia la ndani: likashuka lenyewe taratibu, hewa ikitoka kwa mlio mdogo. Hapo ndipo kazi imekamilika. Likidondoka kwa kishindo, limelegea mno, na ukilizungusha utasikia linacheza. Kazi ya namna hiyo usiipokee.

Vipimo vyangu tulivichukua kwa jeki, gari likiwa na springi mpya: sm 61 likisimama, sm 68 gurudumu likining'inia, sm 58 springi ikibonyea mpaka mwisho. Niliomba bomba ziendelee kuingiana sm 15 hata propela ikivutika kabisa. Bomba, kukereza na kuchomelea vilinigharimu shilingi 190,000, yoki zikiwa zile zile za zamani.

Jambo lililonisumbua kuliko yote halikuwa kosa la propela. Gereji nyingine ilibadilisha krosi (kile kiungo cha msalaba kinachoshikwa na yoki), wakazichomoa bomba na kuzirudisha vibaya. Krosi ikiwa kwenye pembe hairudishi mzunguko sawasawa: kwa kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, mradi yoki za bomba zote mbili ziwe zimelala mstari mmoja. Mraba unaingia kwa njia nne, mbili sahihi na mbili mbaya. Wao waliweka njia mbaya. Nikiingiza magurudumu manne, sakafu ilitetemeka hata kwa kilomita 20 kwa saa. Nilikagua usukani, nikakaza beringi, nikalipa pesa bure, mpaka siku nilipolala chini ya gari nikaona yoki moja imesimama na nyingine imelala. Siku hiyo hiyo nilipiga alama kwa tindo kwenye bomba zote mbili. Ukitengenezewa, piga alama kabla hujaondoka gereji.

Kwa mwendo, tusidanganyane. Bomba ndani ya bomba haliwezi kukaa katikati kama slipu ya meno. Habu za mbele, zinazounganisha magurudumu na ekseli, zikiwa zimefungwa, mimi naanza kusikia mvumo kwenye kilomita 40, na 55 hazivumiliki. Lakini barabarani nafungua habu, natoa gia ya mbele, na propela ile inasimama kabisa. Kama gari lako linaendesha magurudumu yote muda wote, kama Defender, usiweke. Kwenye Samurai transfa, yaani gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, imejitenga na giaboksi, kuna propela fupi kati yake. Hiyo fupi na ile ya nyuma huzunguka kila gari linapotembea, ziache za duara.

Grisi ndiyo uhai wake. Hakuna sili ya kuzuia vumbi, na njia ya Ngare Sero ina majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, laini kama unga. Safari ya kwanza nilipoichomoa, grisi ilikuwa ya kijivu. Niliisugua kwa vidole nikahisi msasa. Nilifunga mpira wa tyubu kuukuu juu ya maungio, ukachanika kwenye mawe. Sasa kila nikitoka huko naichomoa, naosha kwa dizeli, napaka upya. Ikikauka, ukipanda mlima mkali bomba hunata kwa mzigo kisha huachia kwa pigo moja, na pigo hilo huishia kwenye krosi na beringi za transfa.

Mawe yameikwangua sana lakini haijapinda. Krosi ndizo zinazokatika kwanza, na hizo mtu huzibeba mfukoni. Mwezi uliopita nilimwomba mzee anitengenezee nyingine ya akiba. Iko nyuma ya kiti, alama zake za tindo nimezipaka rangi nyeupe.