Koha katika maktaba ya skuli Pemba: uzoefu wangu

Maktaba ninayoihudumia ni ya skuli ya sekondari hapa Wete, na kwa miaka mingi ilijiendesha kwa vitu viwili: sanduku la kadi za katalogi na daftari kubwa la kuazimia ambalo kila msomaji hutia saini. Uongozi wa skuli ulipoamua tuhamie kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba inayotumika kupitia kivinjari, nilikubali bila ya shauku kubwa. Sasa nimeitumia vya kutosha, na maoni yangu hayaelemei upande mmoja. Kazi ya kuazimisha vitabu nisingependa kuirudisha ilikotoka, lakini kazi ya kuorodhesha imenipa shida ambazo waliotusifia programu hii hawakuzitaja.

Koha ilianzia New Zealand mwaka 1999, pale maktaba za Horowhenua zilipohofia kwamba mfumo wao wa zamani usingeuvuka salama mwaka 2000. Ikaanza kazi Januari 2000, na hutolewa bure, na yeyote mwenye ujuzi ana ruhusa ya kuirekebisha. Bure hapa ni programu yenyewe tu. Inahitaji kompyuta ya kuiweka, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa Linux, mfumo wa kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, na inahitaji mtu anayeijua Linux, ambaye kwetu sisi yuko Unguja na hupatikana kwa simu pale anapokuwa na nafasi.

Kuazimisha ndiko kulikonishawishi. Mwanafunzi analeta kadi yake na kitabu, mashine inasoma msimbopau wa vyote viwili, na tarehe ya kurejesha inawekwa kwa kufuata kanuni tulizoziandika mwanzo, kwamba kitabu cha kiada kina muda wake na riwaya ina muda wake. Zamani mwalimu akiniuliza nani anayo nakala ya mwisho ya kitabu cha Fizikia, nilifunua kurasa za daftari moja baada ya moja, na saini nyingine hata mwenyewe asingeitambua. Leo mwalimu hajakaa vizuri, jibu limeshapatikana. Unapokaribia mtihani wa Kidato cha Nne, wakati kila mmoja anakitaka kitabu hicho hicho, programu huwapanga wanaosubiri kwa kufuata aliyetangulia kuomba, na ule ugomvi wa nani alimwambia mkutubi mwanzo umepungua sana.

Kuorodhesha ni habari nyingine. Uzuri wa Koha ni kwamba haikulazimishi kuandika kila kitu: unaingiza ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, programu inaiuliza katalogi ya maktaba nyingine kwa njia ya itifaki iitwayo Z39.50, na rekodi inakuja pamoja na jina la mtunzi, mchapishaji, namba ya Dewey (ya kukipanga kitabu rafuni kwa somo lake) na mada. Kwa vitabu vya Kiingereza ni raha tupu. Nilitarajia vya Kiswahili visipatikane kabisa, kumbe sivyo. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, kwa hiyo riwaya na diwani nyingi zilizochapishwa Nairobi na Dar es Salaam zimo katika katalogi yake, tena nyingine zimeelezwa vizuri kuliko zilivyokuwa kwenye kadi zetu.

Panapokwama ni kwa vitabu vyetu wenyewe. ISBN ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1970, na kwa hiyo kitabu kilichotolewa na shirika la uchapishaji la East African Literature Bureau katika miaka ya 1950 hakina namba ya kuulizia. Hazina namba pia zile tenzi zilizotolewa kwa mashine ya kudurufu, wala vijitabu vya dini vinavyouzwa nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, wala maandishi ya walimu wastaafu kuhusu historia ya vijiji vyao. Vyote hivyo naviandika mwenyewe katika fomu ya MARC 21, muundo wa kimataifa wa rekodi za maktaba ambao kila sehemu yake ina namba, nayo ni ndefu mno kwa maktaba ndogo, ingawa Koha inaruhusu kutengeneza kiolezo kifupi chenye sehemu unazozihitaji tu, na hilo limeniokolea muda. Vitabu vya Kiarabu huingia kwa hati yake bila ya herufi kuharibika, na sehemu namba 880 huunganisha hati hiyo na ya Kilatini, ili anayeandika kwa mojawapo asikikose kitabu.

Lililonichosha zaidi ni majina ya watunzi. Rekodi zinazotoka nje hutanguliza jina la mwisho kana kwamba ni la ukoo, ilhali kwetu jina linalofuata la mtu ni la baba yake, na la tatu mara nyingi ni la babu. Kwa hesabu hiyo Said Ahmed Mohamed hupangwa chini ya Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed naye huko huko, na Muhammed Said Abdulla huhamia kwenye herufi A, ambako sijamwona mwanafunzi aliyekwenda kumtafuta. Anayetafuta kwa neno kwenye kompyuta hadhuriki, mradi tahajia iwe ile ile. Kinachoharibika ni orodha ya watunzi na zile herufi tatu za jina la mtunzi zinazobandikwa mgongoni mwa kitabu, hata rafu yetu ya fasihi ya Kiswahili, namba 896.392 ya Dewey, imekuwa msururu wa MOH. Dawa ipo ndani ya Koha yenyewe, nayo ni faili la majina, ambamo kila mtunzi hupewa umbo moja rasmi na maumbo mengine yote, Muhammad, Mohammed, Muhammed, huandikwa katika sehemu namba 400 ili yamfikishe msomaji pale pale. Ni kazi ya polepole, na naipenda kuliko ninavyokiri mbele ya mkuu wa skuli.

Mada nazo huja kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika "karafuu" hakipati kitabu cha Kiingereza kinachohusu zao hilo, ingawa kimo rafuni, na hapa ni Pemba! Naongeza maneno ya Kiswahili katika sehemu namba 653, kitabu kimoja kimoja, nikianza na vile vinavyoulizwa sana.

Suala la siri ya msomaji tulilijadili kwa kirefu. Wete ni mji ambao mtu akipiga chafya Jadida anaombewa afya Limbani. Daftari la zamani lilikuwa wazi kwa kila aliyetia saini, lakini hakuna aliyekuwa na subira ya kulipekua, ilhali programu humpa mfanyakazi yeyote mwenye nywila orodha nzima ya vitabu alivyosoma mtu, kikiwemo kile cha afya ya uzazi alichokiazima binti mmoja bila ya kutaka kijulikane. Baadhi ya walimu walitaka kumbukumbu hizo zibaki ili wajue nani anasoma. Nilipinga, na mwisho tukakubaliana kutumia mpangilio wa Koha unaoliondoa jina pale kitabu kinaporejeshwa, ikabaki hesabu tu ya mara ngapi kimeazimwa.

Barua pepe za kukumbusha wanaochelewesha vitabu hazitufai, kwa kuwa wanafunzi wengi hutumia simu ya mzazi, kwa hiyo nachapisha orodha na kuwapa walimu wa madarasa. Umeme nao, tangu Pemba iunganishwe na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, si ule wa majenereta, lakini ukikatika daftari hutoka mezani na yaliyoandikwa huingizwa baadaye. Seva ya kukodi, yaani kompyuta ya kampuni inayofikika kwa intaneti, ingewawezesha wanafunzi kutafuta vitabu wakiwa nyumbani, ila hiyo inataka malipo ya kila mwezi na intaneti isiyokatika, na kwa sasa tumebaki na kompyuta ya skuli.

Mkutubi wa skuli jirani ameniuliza kama aanze. Nimemwambia aanze na kuazimisha, majina ayaache kwanza, na aje na flashi: rekodi zetu za tenzi na vijitabu vya walimu nimeshazitoa katika faili la MARC, na Koha yake itazipokea bila ya yeye kuandika upya hata moja.