Adam Sandler bila kicheko: uzoefu wangu na Uncut Gems

Nimeitazama filamu ya Uncut Gems (2019) mara tatu Netflix, hapa Dar, nikitafuta jambo moja: mchekeshaji anafanyaje hadi mtu asicheke. Sandler ni Howard Ratner, sonara wa New York aliyezama kwenye madeni, ambaye amepata opali nyeusi kutoka Ethiopia. Anamwazima jiwe hilo Kevin Garnett, nyota wa kikapu anayeigiza kama yeye mwenyewe, anabaki na pete yake ya ubingwa kama dhamana, kisha anaiweka pete ya watu rehani ili abeti. Aliyewahi kuona mkeka ukichanika dakika ya 90 atamwelewa upesi.

Wachekeshaji wengi wakipewa nafasi ya huzuni hujizima. Sauti inashuka, uso unaganda, unabaki unamtazama mtu anayejitahidi kuwa makini. Sandler hakuacha kitu chake hata kimoja: sauti inayopanda ghafla, maneno ya mbio, kubembeleza kama mtoto, vyote vipo. Kilichoondolewa ni pumziko. Kwenye vichekesho mwigizaji akishatupa neno huacha nafasi kidogo watu wacheke. Hapa hajamaliza sentensi, mwingine kamdakia, simu inaita, mtu anagonga. Kicheko kinakosa pa kutokea na kinageuka presha kifuani.

Tazama mlango wa duka unapogoma na wateja kunaswa katikati ya milango miwili. Au anapolia ofisini, tishu zikiwa zimechomekwa puani. Sura ile ni ya kichekesho kabisa, ila yeye anaomboleza kwelikweli, na hapo ndipo niliposadiki. Filamu hii ilimpa tuzo ya Independent Spirit, ya filamu huru, mwaka 2020. Oscar hawakumteua, na naamini walikosea.

Kasoro ni sauti. Waongozaji, ndugu Josh na Benny Safdie, wamewaacha watu waongee kwa pamoja huku muziki ukipanda juu yao. Spika za TV ya kawaida hukoroga kila kitu. Vaa headphone na uwashe maandishi ya chini. Filamu ina dakika 135. Kwa ubora wa kati, takriban GB 0.7 kwa saa, bando la GB 2 linatosha. Matusi ni mengi mno, usiiweke sebuleni wazazi wakiwepo.

Ukiona ni nzito, anza na filamu yake nyingine, Punch-Drunk Love ya 2002. Ni dakika 95 tu, na hasira yake ni ileile.