SUV ya umeme ya kifahari ukiwa Kenya: BMW iX3 mpya na wapinzani wake, kwa mpangilio

Septemba 2025, kwenye maonyesho ya magari ya Munich, BMW na Mercedes walizindua magari mawili yanayomwania mteja yule yule: iX3 mpya na GLC ya umeme. Wachambuzi wa Ulaya walishangilia zaidi kasi ya kuchaji. iX3 inapokea umeme hadi kW 400 (kW ni kasi ya umeme kuingia), na kwa dakika kumi tu inajiongezea kilomita 372. Ni ufundi wa kuvuliwa kofia. Ila kwa mtu anayekaa Kileleshwa au Nyali, habari hiyo haimhusu ndewe wala sikio, maana chaja ya kW 400 hutaikuta Mtito Andei, katikati ya barabara ya Nairobi na Mombasa.

Kwa hiyo nimeyapanga magari haya kwa kipimo chetu. Huku gari la umeme linachajiwa nyumbani, usiku, taratibu, na likishika barabara ya mbali inabidi lifike kwa betri lililotoka nayo. Tunachonunua ni uniti nyingi ndani ya betri na ulaji mdogo barabarani. Naam, uniti: zile zile za tokeni. kWh moja ni uniti moja, basi ukisikia betri ya kWh 100 jua ni tokeni za uniti mia. Ukishalijua hilo hesabu zote zinakuwa za nyumbani.

Niseme mapema kwamba iX3 sijaiendesha. Nimeipima kwa takwimu zilizotangazwa, nikizipunguza ninapoona zimepambwa.

Usukani kwanza, kisha tundu la kuchajia

Mambo haya mawili yanafuta nusu ya orodha kabla hujauliza bei. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Tesla waliacha kutengeneza Model X yenye usukani wa kulia mwaka 2023. Rivian R1S, Lucid Gravity na Cadillac Escalade IQ zote zina usukani wa kushoto tu. Escalade, kwa taarifa yako, ina betri ya uniti 205 hivi na uzito unaozidi tani 4. Hata ungeruhusiwa kuisajili, kuijaza kwa chaja ya nyumbani kungekuchukua zaidi ya siku nzima.

Tundu la kuchajia ndilo linalowaumiza watu kimyakimya. Gari la Uingereza lina tundu la CCS2, ndiyo aina ya kutafuta hapa. Magari ya Kijerumani yaliyouzwa Japani yana tundu la CHAdeMO, na yale ya soko la China yana GB/T. Kwa macho ni gari moja, rangi moja, ngozi ile ile, lakini ukifika kwenye chaja ya kasi plagi haiingii. Isitoshe, gari la Japani litakusemesha Kijapani, na huduma zake za mtandaoni zimefungwa kwa nchi ile. Wengi wetu tumezoea kuagiza kutoka Japani, na kwa Vitz au Prado hapakuwa na neno. Kwa magari haya, nenda Uingereza. Faida ya pembeni: plagi yao ya pini tatu ni hii hii yetu, kwa hiyo hata ile chaja ndogo ya dharura inayokuja ndani ya buti unaichomeka ukutani bila adapta.

1. BMW iX3 50 xDrive

Betri yake ina uniti 108.7 zinazotumika, na kiwango rasmi cha Ulaya ni hadi kilomita 805. Usiiamini 805. Kipimo hicho kinachanganya mwendo wa mjini na wa polepole. Kwenye barabara kuu ondoa robo, ubaki na 600 hivi. Na 600 hizo ndizo zinazoipa nafasi ya kwanza.

Tuipeleke Mombasa tuone. Kutoka Nairobi ni kilomita 480 hivi, na unateremka takriban mita 1,700 hadi usawa wa bahari. Kwenda hakuna shida. Mteremko unakubeba na breki zinarudisha umeme kwenye betri. Mtihani ni kurudi. Chukua gari lenye watu watano na mizigo, tani 2.7 hivi. Kulipandisha mita 1,700 peke yake kunadai uniti 12 na nusu, na ukiongeza zinazopotea njiani weka 13 au 14. Ongeza ulaji wa kawaida wa uniti 17 kwa kila kilomita 100: hiyo ni 82. Jumla inakaribia 96. Ukitoka Mombasa umejaza pomoni, unaingia Mlolongo na uniti kumi na kitu mkononi. Si nyingi, na ukikanyaga kama unakimbizwa zitaisha Emali. Lakini unafika bila kuomba chaja ya mtu. Kwenye orodha hii sioni gari jingine ambalo ningelikabidhi safari hiyo nikalala usingizi.

Nyumbani, chaja ya ukutani ya ampea 32 inatoa kW 7.4. Kutoka sufuri hadi kujaa ni saa 15, ila hakuna anayeanza sufuri. Mtu wa kilomita 50 kwa siku anatumia uniti 9, yaani saa moja na robo ya kuchaji. Ukiwa na stima ya fezi tatu, chaja yake ya kawaida ya kW 11 inajaza yote kwa saa 10. Kwa plagi ya ukutani ya kawaida utangoja karibu saa 45, na soketi za nyumba nyingi za zamani hazikujengwa kubeba mzigo huo usiku kucha. Mwite fundi umeme aangalie nyaya kabla gari halijafika bandarini.

Kuhusu gharama, tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Uniti 96 za Mombasa kwa bei ya usiku ni shilingi 768 na tozo zake. SUV ya petroli ya hadhi hiyo ingekunywa lita 48 kwa safari ile ile. Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo kituoni.

Kingine nilichokipenda: iX3 inaweza kutoa umeme, si kuupokea tu. Stima ikipotea Jumamosi jioni, friji, taa na televisheni vinaendelea kutoka kwenye gari. Kwa betri hiyo, nyumba inayotumia uniti 10 kwa siku ina wiki nzima na zaidi.

Ndani, saa za dashibodi zimeondolewa. Badala yake kuna ukanda wa picha chini ya kioo cha mbele, kutoka mlango hadi mlango. Wengine wataupenda. Mimi naona utachosha macho usiku, na vitufe vya kubonyeza vimepunguzwa kupita kiasi. Buti ni lita 520, na mbele kuna kijibuti cha lita 58 kinachotosha waya na viatu. Bei ya kuanzia Ujerumani ilitangazwa euro 68,900, kabla ya meli na ushuru wetu. Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme tupu ulishushwa Kenya mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, lakini sheria za fedha hubadilika kila Juni. Mwombe wakala wako wa forodha akupigie hesabu kwa maandishi kabla hujatuma pesa.

2. BMW iX xDrive50 iliyotumika, kutoka Uingereza

Watu wenye hela zao watashangaa kuona gari la mkononi juu ya Mercedes mpya. Lakini magari ya umeme ya kifahari huporomoka bei vibaya Ulaya yakishafika miaka mitatu, na iX haikuponea. Ilianza kuuzwa 2021, kwa hiyo bado iko ndani ya ile miaka minane, umri wa mwisho wa gari tunaloruhusiwa kuingiza Kenya. Betri ni uniti 105, kiwango rasmi kilomita 630, nami nakupa 470 za kweli. Mombasa utakwenda, kurudi panga kusimama mahali uongeze kidogo.

Chunga usiuziwe xDrive40 ukidhani ni ile ile. Hiyo ina uniti 71 tu, na sura zao zinafanana kama mapacha. Omba picha ya nyaraka na ripoti ya afya ya betri. Dhamana ya betri ya BMW ni miaka minane au kilomita 160,000. Mwulize muuzaji kwa barua kama itaheshimiwa nje ya Uingereza, na hesabu kana kwamba haitaheshimiwa.

Mwili wake una sehemu za nyuzi za kaboni. Gari likigongwa, fundi wa kunyoosha bati wa Grogan hana cha kunyoosha, kwa hiyo lililopata ajali Uingereza usiliguse hata likiuzwa bei ya kutupa. Na boneti haifunguliwi na mwenye gari! Maji ya kuoshea kioo yanamiminwa kupitia nembo ya BMW iliyo mbele. Mafundi wa "fungua nione" watapata tabu hapo.

3. Mercedes GLC ya umeme

Ungekuwa unanunua kwa ajili ya kukaa ndani, ningeipandisha. Viti na ukimya vimewekewa uzito, saspensheni ya hewa inapatikana kwa nyongeza ya bei, na kwa barabara zenye matuta yasiyo na rangi wala kibao hiyo si anasa. Buti ni lita 570, na mbele kuna lita 128, zaidi ya mara mbili ya iX3. Inavuta tela la tani 2.4.

Inakwama kwenye hesabu yetu ile. Uniti 94, kilomita 713 za kwenye karatasi, 530 hivi barabarani. Mlima wa kurudi kutoka Mombasa unakula akiba yote. Halafu kuna skrini ya inchi 39.1 iliyochukua dashibodi nzima, na grili yenye nukta 942 zinazowaka. Mtu anayetaka kuonekana ataipenda. Mimi nafikiria siku skrini hiyo itakapopasuka na bei ya kuagiza nyingine.

Swali moja la lazima kwa gari lolote ambalo betri yake ni ya volti 800, kama hili na iX3: linaweza kuchaji kwenye chaja ya kasi ya volti 400? Mercedes walizindua CLA ya umeme Ulaya mwaka 2025 bila uwezo huo, wenyewe wakalaumiwa. Usikubali jibu la mdomo.

4. Porsche Macan ya umeme

Hili ndilo la dereva. Uniti 95, Macan 4 ina kilomita 613 rasmi, na kwa lile swali la volti 400 ina jibu safi: inaigawa betri yake sehemu mbili na kuzichaji kwa pamoja. Kiti cha nyuma ni chembamba kwa familia iliyozoea Prado. Kama wewe ni wa watu wawili na wikendi ya Naivasha, ipandishe hadi ya pili na usinisikilize.

5. Kia EV9

Kuna atakayesema Kia si gari la kifahari. Ingia ndani kwanza. Lina safu tatu ambazo watu wazima wanakaa kweli, betri ya uniti 99.8, na toleo la kuvuta kwa magurudumu ya nyuma lina kilomita 563 rasmi. Lilishinda tuzo ya Gari Bora la Dunia 2024, na linatoa umeme wa nje kama iX3. Wenye watoto wanne na shosho anayekwenda nao kanisani hawana haja ya kusoma nafasi ya kwanza hadi ya nne. Umbo la boksi linakula umeme barabara kuu, ndiyo maana limeshuka hapa.

6. Volvo EX90

Viti saba, uniti 107, na sebule ya Kiswidi iliyotulia. Lakini yale ya mwanzo yalitoka kiwandani programu zikiwa hazijakamilika, hata Volvo wakaamua kuwabadilishia wenye magari kompyuta kuu bure. Bure kwenye karakana ya Volvo, bila shaka. Aliyeagiza lake kwa meli aliachwa na kompyuta ya zamani au msururu wa barua pepe za kufuatilia. Ukilitaka, tafuta yale ya mwaka wa 2026, yaliyohamia volti 800.

Kwa ndugu wa Kigali, Bujumbura, Lubumbashi na Muscat, mnaoendesha kulia, mpangilio huu mwupindue. Rwanda imeondoa kodi kubwa kwa magari ya umeme tangu 2021, na usukani wa kushoto unawafungulia Lucid Gravity, yenye hadi kilomita 724 kwa kipimo kikali cha Marekani. Hiyo ningeiweka juu ya iX3. Mkinunua Dubai angalieni tundu, maana ndiko GB/T za China zinakopita kwa wingi.

Na yeyote utakayemlipa, kabla ya kutuma hata senti mwombe picha tatu: tundu la kuchajia likiwa wazi, skrini ikionyesha asilimia ya betri na kilomita zilizobaki, na sakafu ya buti ikiwa imeinuliwa. Hiyo ya tatu ni ya spea. Mengi ya magari haya hayaji nayo, yana kichupa cha gundi na pampu, na kati ya Voi na Mackinnon Road hutapata tairi la inchi 21.